Babu, Bwana Harusi na Gari la Mlimani

Pale kiwanda cha mkate, ukiuliza jina halisi la Bi Subira utaambiwa usiwachoshe watu. Jina alilopewa na wazazi wake lipo kwenye kitambulisho, limekaa humo linapumzika. Hili la Subira alipewa na madereva, kwa sababu kila alfajiri wakimgongea mlango kudai ripoti, yeye alijibu neno moja tu: subira. Neno likamganda. Hata mume wake, fundi cherehani, mtu mpole asiye na makuu, siku hizi humwita hivyo hivyo, na yeye huitika bila kinyongo.

Kazi yake nikueleze mapema usije ukanipotea njiani. Kiwanda kinaoka usiku kucha. Kukikaribia kupambazuka magari kumi na mawili yanasubiri kupakia, kila gari na njia yake, kila njia na maduka yake, makubwa kwa vibanda. Sasa duka hili lipewe mikate mingapi? Ukilipatia mingi, inalala, na mkate uliolala hurudishwa kiwandani umenuna. Ukilipatia michache, mteja anaondoka mikono mitupu na kesho haji. Jibu limo kwenye hifadhidata, yaani ule mkusanyiko wa mauzo ya kila duka kwa miaka yote, siku za mvua na siku za jua, katikati ya mwezi na mwisho wake. Bi Subira anauliza, mashine inapekua, inatoa karatasi ya kila njia. Bila karatasi gari haling'oki.

Na mashine yenyewe sasa. Iliitwa Babu. Ilikuwa seva ya zamani, sanduku jeusi lenye vumbi la unga lisilotoka hata ulifutie nini, na makao yake yalikuwa chumba kidogo nyuma ya stoo. Babu alinunuliwa kiwanda kikiwa na magari matatu, na wakati huo alikuwa kijana, anajibu kabla hujamaliza kuuliza. Magari yakaongezeka, maduka yakaongezeka, miaka ya mauzo ikarundikana, na yeye hakuongezewa hata kijiko cha memori. Ikafika mahali ukimwuliza swali zito anahema, feni inalia, halafu anazima kimya kama mtu aliyesusa.

Bi Subira alimlea. Yeye mwenyewe aliingia kiwandani msichana, akiwa mfungaji wa mikate, akasoma kompyuta jioni jioni mpaka wakamtoa kwenye meza ya kufungia wakampa ufunguo wa chumba cha Babu. Hakuna aliyemjua mzee yule kama yeye. Alimwekea sheria: asibebe mzigo zaidi ya huu kwa mara moja; prosesa, zile bongo zake za kuhesabia, mbili tu zifanye kazi, nyingine zipumzike zisije zikachemka; njia zihesabiwe moja baada ya nyingine, ikiisha hii ndipo ianze ile. Sheria hizo alizihifadhi kwenye faili moja la mipangilio, na faili hilo alilitunza kama watu wanavyotunza hati ya kiwanja.

Kwa hiyo ripoti ilitoka kwa foleni. Karatasi ya njia ya kwanza ilitoka bado giza, ya mwisho ilitoka jua limeshapanda na watu wameshachoka kusubiri. Na ya mwisho, siku zote Mungu anazojalia, ilikuwa ya mlimani.

Gari la mlimani liliendeshwa na Mjomba. Namwita Mjomba kwa sababu ni mjomba wa Bi Subira, tumbo moja na mama yake, baba yake alipofariki ndiye aliyemlea, na ndiye aliyemshika mkono akamleta kwenye lango la kiwanda kumwombea kazi. Madereva wenzake walimwita Mkia. Kila asubuhi alikaa kantini na kikombe chake cha bati chenye mpini uliopinda, anakunywa chai taratibu, anawatazama wenzake wakiondoka mmoja mmoja.

"Mkia, tunakuachia barabara," alimtania dereva wa njia ya sokoni, ambaye karatasi yake ilitoka ya kwanza.

"Nendeni tu," alijibu Mjomba. "Mkia ndio unaofukuza nzi."

Watu wakacheka, yeye akaongeza sukari. Aliwahi kusema mara moja kwamba angefika mapema angeuza mkate wote, lakini hakuna dereva asiyesema hivyo, kwa hiyo hilo nalo likachekwa.

Sasa mambo yalianza Jumatatu, Mama Tanuri alipomwita Bi Subira ofisini juu. Mama Tanuri ndiye mwenye kiwanda. Alianza na tanuri moja uani kwake, na mpaka leo akishika donge la unga anakutajia uzito wake, na mizani ikibisha basi mizani ndiyo mbovu. Hana maneno mengi na hana muda wa kupepesa.

"Gari la mlimani linarudisha mkate kila siku," alisema. "Watu wa mlimani si watu wa mkate. Jumamosi hii halitoki. Nitaliuza. Mjomba wako amebakiza miaka mitatu astaafu, atapumzika mapema kidogo. Tutamuaga vizuri, na keki juu."

Bi Subira alilirudia neno hilo kichwani. Keki! Mjomba bila usukani ni nani? Mke wake alishatangulia mbele ya haki, watoto wake wako mbali, kila mmoja na mji wake. Lile gari ndiyo nyumba yake ya mchana, na vile vibanda vya mlimani ndivyo vijiwe vyake, wanamjua hata anavyopiga honi. Umkalishe nyumbani atazame ukuta, mwaka hauishi.

"Mama," alisema, "tunajua mkate unarudi. Kwa nini unarudi hatujui. Hatujawahi kuuliza."

"Si uulize."

"Babu hawezi. Niliwahi kumwuliza: maduka yote, miaka yote, saa gari linapofika na mikate inayobaki. Akazima. Magari yakapakia kwa kukisia siku ile nzima."

"Nakumbuka. Nusura nikufukuze."

"Mashine mpya inafika kesho. Nipe mpaka Ijumaa, nitaiuliza hiyo."

Mashine ile Bi Subira alikuwa ameiomba miaka miwili, akaisifia kila kikao, mpaka mwenye kiwanda akakubali ili apate amani.

"Mashine hiyo imenigharimu kama gari," alisema. "Haya, Ijumaa. Lakini jibu likiwa lile lile, usije kunililia."

Maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga. Bi Subira alishuka ngazi miguu mizito, akapita kantini, akamkuta Mjomba anapangusa kikombe chake. Hakumwambia kitu. Angemwambia nini?

Mashine ikaja Jumanne, na kiwanda kizima kikatoka kuitazama. Ilikuja imevikwa maboksi na mifuko ya mapovu, watu wanne wameibeba, na mlangoni ikakwama. Ikabidi mlango ung'olewe bawaba. Akina mama wa kufungia mikate waliacha meza zao, mmoja akapiga kigelegele cha utani, na papo hapo mashine ikapata jina: Bwana Harusi.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Bi Subira, akafuta vumbi la meza kwa mkono wa nguo yake.

Aliyeifunga alikuwa Fundi Nyaya, mtu wa kampuni iliyoiuza, mfupi, ana mikono ya haraka na mdomo wa haraka zaidi. Alikuwa akiunganisha nyaya huku anasifu kama mshenga.

"Memori yote ya Babu yako, hapa unaitia mfuko wa shati na mfuko haujai. Prosesa? Babu ana wanne, wote wanaumwa mgongo. Huyu ana sitini na nne, vijana watupu. Utauliza swali, hujarudisha mkono umejibiwa."

"Usimseme Babu vibaya mbele yake," alisema Bi Subira. "Jungu kuu halikosi ukoko."

"Ukoko kaule nyumbani, dada. Hapa tuna harusi."

Mchana kutwa walihamisha hifadhidata. Fundi Nyaya alipoenda kula, Bi Subira akabaki peke yake, akafanya jambo ambalo angelifanya mtu yeyote mwenye mapenzi na kazi yake. Alichukua lile faili lake la mipangilio, lile la hati ya kiwanja, akalihamishia kwa Bwana Harusi neno kwa neno. Hakuacha hata nukta. Akaona amemaliza kazi, akafunga chumba akaenda zake.

Jumatano alfajiri madereva wote walijaa mlangoni kuona maajabu. Bi Subira akabonyeza. Wakasubiri. Karatasi ya sokoni ikatoka. Wakasubiri tena. Ikatoka ya njia ya pili. Jua likachungulia, likapanda, njia zikitoka moja moja kwa mwendo wa maharusi kweli, na ya mlimani ikatoka mwisho kama kawaida. Ukipima vizuri, Bwana Harusi alimshinda Babu kwa muda wa kikombe kimoja cha chai.

"Bwana harusi kalala ukumbini," alisema dereva wa sokoni alipokuwa anaondoka, na akina mama wa kufungia mikate wakaipokea hiyo wakaikariri mchana kutwa.

Mama Tanuri alishuka, akasimama mlangoni mwa chumba, akaitazama mashine inayowaka taa zake za kijani. Akanusa hewa kama anayenusa mkate uliopitiliza, akapanda ngazi. Bi Subira alitamani angemgombeza.

Fundi Nyaya aliitwa, akaja akakagua kila kitu. Kila alichopima kilikuwa kizima.

"Mashine haiumwi," alisema. "Imekaa tu, haili."

"Nyinyi mmeniuzia jina."

"Na wewe dada labda swali lako ndilo lina kasoro."

"Swali langu limelisha mji huu mkate tangu wewe hujui kufunga kamba za viatu."

Wakanuniana. Fundi akakusanya bisibisi zake moja moja, kwa kelele, akaondoka. Zimebaki siku mbili, na mbele ya Bi Subira kuna sanduku la bei ya gari linalofanya kazi ya sanduku la vumbi. Aliogopa, nisikufiche. Aliona yeye ndiye aliyemwahidi mwenye kiwanda, na Mjomba ndiye atakayelipia.

Alifika nyumbani jioni hana hamu ya kusema. Nyumba hiyo walihamia mwaka mmoja nyuma. Kule walikotoka maji ya bomba yalikuwa kama mgeni mheshimiwa, hujui lini atakuja, na akija unaacha kila kitu. Hapa maji hayakatiki. Lakini Bi Subira, tangu siku ya kwanza, alipanga ndoo zake kwenye korido, saba, zimejaa zimefunikwa, na watoto wakaogeshwa kwa nusu ndoo kama zamani. Jioni ile mume wake alikuwa anatoka chumbani amebeba suruali za wateja, akajikwaa kwenye ndoo ya tatu, maji yakamwagika hadi sebuleni.

Alisimama pale, suruali zimelowa, akacheka kidogo.

"Mama watoto, nikuulize kitu usikasirike. Tangu tuhamie hapa, maji yamewahi kukatika?"

"Hapana."

"Na ndoo hizi?"

"Ni akiba."

"Tumehama nyumba, mke wangu. Lakini naona ndoo hazijapata habari."

Bi Subira akacheka. Kisha kicheko kikakatika katikati. Akakaa juu ya mfuniko wa ndoo, mikono mapajani, anatazama maji yanavyotafuta njia chini ya kochi.

"Nimehamisha ndoo," alisema.

"Si ndiyo nakwambia."

"Siyo hizi." Akasimama. "Baba watoto, nimehamisha ndoo zote, mpaka na vifuniko."

Mume hakuelewa kitu, lakini alimwona mkewe uso umefunguka kwa mara ya kwanza wiki ile, akaenda kutafuta kitambaa cha kupangusia.

Alhamisi, kabla ya magari kupakia, Bi Subira alimpigia simu Fundi Nyaya. "Njoo," alimwambia. "Aliyekosea ni mimi." Mtu akianza hivyo hana haja ya kubembeleza, fundi alifika hajachana nywele. Wakafungua kioo kinachoonyesha prosesa zote za Bwana Harusi, wakaiwasha ripoti wakatazama. Prosesa mbili zilikuwa zinatoka jasho. Sitini na mbili zimekaa kama wageni waliokaribishwa wakasahauliwa. Ile memori kubwa ilikuwa tupu, imetumika kakona tu, kiasi kile kile alichoruhusiwa Babu.

"Nani kawaambia wakae?" aliuliza fundi.

"Mimi. Nilimpa kijana sheria za mgonjwa."

Fundi angeweza kusema mengi, na mdomo ulimcheza. Lakini na yeye alikuwa amelifunga sanduku lile bila kuuliza mipangilio imetoka wapi, kwa hiyo akameza mate. Wakazifumua sheria moja moja. Memori: beba kadiri unavyoweza. Prosesa: inukeni wote. Njia: msipange foleni, zote kwa pamoja. Mazoea yana taabu. Kila sheria aliyoifuta, Bi Subira aliuma mdomo kana kwamba anang'oa msumari aliougonga mwenyewe. Kisha akabonyeza.

Feni zilivuma chumba kizima. Printa ikakohoa, ikatema karatasi, ikatema nyingine, ikashindwa kufuata, ikakwama, ikanasuliwa, ikaendelea. Njia zote kumi na mbili zikatoka kabla kantini hawajachemsha maji.

Na hapo ndipo balaa lilipoanza. Kiwanda kile kilijengwa juu ya ripoti inayochelewa. Hakuna aliyewahi kufikiria itakuwaje ikiwahi. Lango la kupakia ni moja, linapitisha gari moja, na madereva kumi na wawili wana karatasi mkononi kwa wakati mmoja. Magari yakang'oka kwenye banda la maegesho kwa pamoja yakabanana pua kwa pua. Wapakiaji wakawa hawajui wamsikilize nani. Dereva wa sokoni alipiga honi mpaka honi ikachoka.

Mjomba yeye hakuwa bandani. Aondokaye mwisho huwaachia wenzake kivuli, kwa hiyo gari lake miaka yote lilipaki nje, ukutani, hatua chache kutoka langoni. Alitoka kantini akaiona vurugu, akaliona lango liko wazi upande wake, akakuna kichwa. Akarudisha gari nyuma kidogo, akapakia, akasema samahani kwa yeyote aliyesikia, akaondoka. Alikuwa wa kwanza.

"Miaka yote nalia ripoti imechelewa," alisema Mama Tanuri aliyekuwa ameshuka na kanga ya usingizi mabegani. "Leo imewahi, kiwanda chote kimechelewa."

Lakini hakuwa amekasirika. Alikwenda kuishika ile mashine ubavuni, akahisi joto lake, kama anavyoshika tanuri.

Mchana Mjomba alirudi na makreti matupu.

"Umemwaga wapi mkate?" wakamwuliza wenzake.

"Nimeuza."

"Bahati ya mtende kuota jangwani," walisema, na yeye akakubali kwamba huenda ni bahati.

Ijumaa Mama Tanuri alikuja mwenyewe kwenye chumba kidogo, akavuta kiti akakaa. Fundi Nyaya alisimama nyuma, mara hii nywele zimechanwa. Bi Subira aliketi mbele ya kioo. Akaandika lile swali la siku ile, lile lililomzimisha Babu: maduka yote ya mlimani, vibanda vyote, miaka yote, saa gari lilipofika na mikate iliyorudi. Akashika pumzi, akabonyeza. Jibu lilikuwa limeshakaa kwenye kioo kabla hajaiachia.

Walisoma wote watatu. Siku gari lilipofika jua limepanda, karibu nusu ya mkate ulirudi. Siku lilipofika mapema, haukurudi hata mmoja.

"Hata mmoja?" aliuliza Mama Tanuri.

"Hata mmoja. Watu wa kule wanashuka makazini na mashuleni alfajiri. Sisi tukifika, mlima hauna mtu."

"Na hizo siku za mapema ni zipi? Mbona chache, tena zimetawanyika hivyo?"

Fundi Nyaya akazisoma tarehe kwa sauti. Bi Subira alisikiliza ya kwanza, ya pili, ya tatu, akahisi masikio yanamwaka. Alizijua. Ziliandikwa moyoni mwake, kila moja na aibu yake. Ya mwisho kabisa ilikuwa jana. Zile nyingine zote zilikuwa siku ambazo Babu alizima, ikiwemo siku ile aliyomwuliza hili swali zito. Siku hizo hakukuwa na ripoti wala foleni, kila gari lilipakia kwa kukisia, na lililo karibu na lango ndilo lililotangulia. Kikulacho ki nguoni mwako. Akawaeleza hivyo hivyo, bila kupamba.

Mama Tanuri aliegemea kiti. "Kwa hiyo ripoti yako isipokuwepo, mlimani wanakula mkate. Ikiwepo, hawali."

"Ndiyo, Mama."

"Nani aliipanga mlimani iwe ya mwisho?"

Feni zilivuma. Angeweza kumsingizia Babu, na Babu alikuwa kwenye kona amezimwa, asingekana. Lakini Bi Subira hakuwa mtu wa hivyo.

"Ni mimi. Wiki ya kwanza niliyopewa ufunguo. Watu walishaanza kusema mpwa wa dereva kapewa ofisi. Nikasema nikimweka mjomba wangu hata katikati, watasema. Nikamweka mwisho kabisa ili asiwepo wa kufungua mdomo. Nilisema nitakuja kuibadilisha. Kisha nikasahau kwamba kuna mtu aliipanga. Nikaona ndivyo ilivyo."

"Ukaogopa midomo ya watu, ukamlisha mjomba wako vumbi la wenzake."

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi nimeketi juu pale nasema watu wa mlimani si watu wa mkate." Mama Tanuri akainuka, magoti yakalia. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Gari haliuzwi. Sasa sikiliza. Hii mashine yako inatoa zote kwa pamoja, na lango langu ni moja. Mpaka nijenge jingine, kila alfajiri lazima mtu asimame pale aseme nani anatangulia. Utasema wewe."

"Watasema nampendelea."

"Watasema, ndiyo. Wakisema waonyeshe hicho kioo. Wakiendelea kusema, waache waseme, wana midomo yao."

Bi Subira alimkuta Mjomba kantini, anakunja gazeti la juzi. Akakaa mbele yake, akamweleza yote kwa mpigo mmoja: gari lilivyokuwa liuzwe, lilivyopona, na nani aliyemweka mkiani miaka hii yote.

"Najua," alisema Mjomba.

"Unajua nini?"

"Kwamba ni wewe. Tangu wiki ile ile. Nilijisemea, mtoto wa dada hataki kusemwa, na ni haki yake, ana kazi mpya."

"Mbona hukuniambia unaumia?"

"Ningekwambiaje, mpwa wangu? Niseme unitoe mwisho? Si ndiyo ungekuwa umenipendelea." Akacheka, akamsukumia kisahani cha sukari kana kwamba ndiye anayehitaji kutulizwa. Bi Subira alilia, machozi mawili matatu, ya aibu na ya mapenzi, akayafuta na ncha ya kitambaa chake cha kichwa kabla wapishi hawajaona.

Jumamosi, siku ambayo gari la mlimani lilikuwa lisimame, madereva walijipanga langoni na karatasi zao. Bi Subira akasimama juu ya kreti lililopinduliwa. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni mwa kantini, kwa mazoea tu, kikombe chake cha mpini uliopinda ndiyo kwanza kimemiminwa.

"Mlimani," alisema Bi Subira.

"Si ni mjomba wake huyo," alisema mtu nyuma, wala hakujaribu kunong'ona.

Maneno yale yale aliyoyakimbia tangu ujana wake. Yalimchoma, tena sana.

"Ni mjomba wangu," alisema. "Mlimani kwanza. Sokoni, utafuata."

Mjomba alikitazama kikombe, akalitazama lango. Miaka yote hakuwahi kuondoka pale bila kumaliza chai. Akaja mpaka kwenye kreti, akamkabidhi mpwa wake kikombe, akapanda gari. Taa za nyuma zikapinda kona ya barabara ya mlimani, bado giza.

Bi Subira aliwataja wengine wote, mmoja mmoja, mpaka lango likabaki tupu. Kisha akainywa ile chai. Ilikuwa tamu kupita kiasi, na bado ya moto.